Maswali ya Wasomaji: Njia Ndefu ya Msomi wa Haki za Binadamu

Kwa kawaida safu hii hupokea barua za mirathi, za mashamba na za wapangaji waliogombana na wenye nyumba. Mwezi huu nimeziweka kando, kwa sababu zimenifikia barua tatu kutoka pande tatu za Nairobi, zilizoandikwa na watu wasiojuana, zote zikiuliza habari za kazi ambayo nimeifanya kwa zaidi ya miaka ishirini, yaani kufundisha na kutafiti haki za binadamu katika chuo kikuu. Nimezifupisha kidogo, na majina ya waandishi nimeyahifadhi kama walivyoomba.

SWALI LA KWANZA

Mwalimu, pokea salamu zangu. Nilihitimu shahada ya kwanza ya sheria mwaka jana, na kwa sasa ninafanya kibarua katika ofisi ya wakili mjini. Wenzangu wote wanakimbilia mafunzo ya uwakili, lakini moyo wangu uko katika kufundisha na kuandika kuhusu haki za binadamu. Baba ananiambia kwamba hiyo si kazi bali ni njia ya kwenda jela, na kwamba enzi zake waliojishughulisha na mambo hayo waliishia kizuizini. Je, kuna kazi ya kweli hapa, na mtu huianza vipi? Tena, ni lazima niwe wakili kwanza?
— Msomaji wa kike, Kasarani

JIBU

Binti yangu, nianze na baba yako, kwa maana hofu yake ina chanzo. Mwaka 1982 Willy Mutunga, aliyekuwa mhadhiri wa sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi na kiongozi wa chama cha wahadhiri, alikamatwa na kuwekwa kizuizini bila hukumu ya mahakama yoyote. Mwaka huohuo alizuiliwa pia Alamin Mazrui, mtaalamu wa lugha ambaye wasomaji wengi wa Kiswahili wanamfahamu kwa tamthilia yake ya Kilio cha Haki. Mwaka 1987 ikawa zamu ya Gibson Kamau Kuria, wakili aliyewahi kufundisha sheria Nairobi, baada ya kuzishika kesi za watu waliodai kuteswa mikononi mwa polisi. Makau Mutua alifukuzwa chuoni Nairobi akiwa bado mwanafunzi, ikambidi avuke mpaka na kuimalizia shahada yake Dar es Salaam. Mtu aliyekuwa kijana katika miaka hiyo hawezi kulisikia neno «haki za binadamu» kutoka kinywani mwa mwanawe akatulia. Kwa hiyo usimkatize anapokusimulia. Keti naye, mwulize alikuwa wapi na alisikia nini, kisha uyaandike anayokwambia pamoja na tarehe kadiri anavyozikumbuka. Huo utakuwa utafiti wako wa kwanza, na pengine mgumu kuliko wote utakaoufanya.

Lakini mwombe naye akusikilize unapomweleza yaliyofuata. Mutunga alipotoka kizuizini hakurudishiwa nafasi yake ya kufundisha. Alisomea uzamifu nchini Kanada, akawa miongoni mwa walioanzisha Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, shirika lisilo la kiserikali lililoundwa mwaka 1992, na mwaka 2011 akaapishwa kuwa Jaji Mkuu, cheo alichokishikilia hadi 2016. Mutua alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Harvard, akafundisha Buffalo, Marekani, na kuwa mkuu wa kitivo cha sheria huko kuanzia 2008 hadi 2014. Siwataji hawa ili uanze kuota vyeo, kwa sababu wengi wetu tunaofanya kazi hii hatujulikani nje ya madarasa yetu. Ninawataja ili baba yako aone kwamba taaluma hii ilikatizwa kwa nguvu na bado ikaendelea, tena ikaendelea kupitia watu walewale waliokusudiwa kunyamazishwa.

Mweleze pia kwamba sheria yenyewe imebadilika. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinautaja waziwazi uhuru wa taaluma na uhuru wa utafiti wa kisayansi kuwa sehemu ya uhuru wa kujieleza. Ulinzi huo una historia. Mnamo Aprili 1990 wanataaluma wa Tanzania walitoa Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii, na Novemba mwaka huohuo wasomi kutoka sehemu nyingi za Afrika walikutana Kampala wakatoa azimio lao. Ukiyasoma maazimio hayo mawili utaona kwamba uhuru na wajibu vimetajwa pamoja kuanzia kwenye kichwa cha habari. Siamini kwamba msomi wa haki za binadamu anaweza kudai kimoja na kukikwepa kingine.

Sasa njia yenyewe. Baada ya shahada ya kwanza utahitaji uzamili, unaochukua mwaka mmoja hadi miwili. Katika Afrika, programu yenye sifa kubwa zaidi katika uwanja huu ni ile ya Kituo cha Haki za Binadamu cha Chuo Kikuu cha Pretoria, kituo kilichoanzishwa mwaka 1986 wakati Afrika Kusini ikiwa bado chini ya utawala wa ubaguzi; tangu mwaka 2000 kimekuwa kikiwakusanya wanafunzi kutoka nchi nyingi za bara hili kusomea haki za binadamu na demokrasia. Baada ya uzamili huja uzamifu, ambao kwenye karatasi ni miaka mitatu na katika maisha ya Nairobi, pamoja na kazi, karo na watoto, mara nyingi huwa mitano au sita. Unapotafuta msimamizi, usiangalie jina lililo mlangoni pake. Tafuta makala zake tatu, uzisome, kisha ujiulize kama ungependa kufikiri pamoja na mtu huyo kwa miaka mingi. Ngazi zenyewe zinajulikana: mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa, na kila ngazi hudai machapisho katika majarida ya kitaaluma yanayohakikiwa na wataalamu wenza.

Kuhusu riziki nitakuambia ukweli. Wengi huanza kama wahadhiri wa muda, wakilipwa kwa somo, na malipo hayo yanaweza kuchelewa kwa miezi. Nimewahi kuwa na wanafunzi hodari waliokata tamaa katika kipindi hicho, na siwalaumu hata kidogo, kwa maana mtu hawezi kuandika kuhusu haki ya chakula huku jikoni kwake hakuna unga. Usikiache kibarua cha ofisi ya wakili mpaka upate nafasi ya kudumu au ufadhili wa masomo ulioandikwa na kutiwa saini.

Uwakili si lazima. Anayetaka kusimama mahakamani kumtetea mteja ndiye anayelazimika kupitia mafunzo ya uwakili. Darasani hakuna sharti hilo. Hata sheria yenyewe si mlango wa pekee. Sylvia Tamale, mwanamke wa kwanza kuwa mkuu wa kitivo cha sheria Makerere, aliyeanza wadhifa huo mwaka 2004, alisomea sheria kisha akaandika tasnifu yake ya uzamifu katika sosholojia na masomo ya wanawake, na ni mchanganyiko huo uliompa macho ya kuona mambo ambayo mwanasheria mtupu angeyapita. Hata hivyo, ikiwa karo inapatikana, mimi ningekushauri uyapitie mafunzo ya uwakili, kwa sababu aliyewahi kusimama mbele ya hakimu akiwa na faili lenye pengo hujifunza kuliogopa pengo hilo maisha yake yote.

Na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea sura ya tasnifu iliyoanza hivi: «Watu wengi walihamishwa kwa nguvu kutoka katika ardhi yao.» Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika pembeni maswali manne: wangapi, lini, na nani, nani aliwaona? Alikasirika. Alisema kwamba kila mtu anajua walihamishwa, na kwamba kuuliza idadi ni kuwadharau waathiriwa. Sikumjibu, nilimpa barua ya utambulisho aende kwenye masjala ya wilaya iliyokuwa ikisimamia eneo hilo. Alirudi baada ya wiki saba akiwa na nakala ya orodha iliyopigwa taipu kwenye karatasi nyembamba ya kaboni, imekunjwa mara nne na kuliwa na mende kwenye mikunjo, na kando ya kila jina la mwenye nyumba pana alama ya kidole gumba. Hesabu iliyosomeka ilikuwa nyumba mia moja na kumi na mbili. Majina mengine yalikuwa yamefutika, lakini vidole vilibaki. Aliiandika upya sentensi yake ya kwanza. Aliitaja orodha, akataja idadi, akataja yale yasiyosomeka, na hakuongeza hata neno moja la hasira, kwa sababu halikuhitajika tena.

Binti yangu, hiyo ndiyo kazi. Wanaharakati hupaza sauti, na ni lazima wapaze; mawakili huomba amri ya mahakama; waandishi wa habari huandika leo kilichotokea jana. Msomi ndiye anayelipwa, vizuri au vibaya, ili ahakikishe kwamba kilichotendwa kimeandikwa kwa usahihi ambao hata aliyekitenda hawezi kuukanusha.

SWALI LA PILI

Mwalimu mheshimiwa, mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya upili. Ninasoma magazetini kila mara kwamba profesa fulani wa haki za binadamu ameteuliwa katika tume, mwingine ametumwa Geneva, mwingine Arusha. Je, hawa hawajawatelekeza wanafunzi wao? Na je, si kweli kwamba haki hizi wanazozifundisha ni mawazo ya kigeni tuliyoletewa?
— Mzee wa Kangemi

JIBU

Mzee wangu, swali lako la kwanza lina haki yake. Nimemwona mwanafunzi aliyesubiri miezi kumi na minne arudishiwe sura moja ya tasnifu kwa sababu msimamizi wake alikuwa safarini, na kijana huyo alipoteza ufadhili wake. Hilo ni kosa, na hakuna uteuzi wowote unaoweza kulihalalisha. Anayekubali kazi ya nje anapaswa kuwakabidhi wanafunzi wake kwa mwenzake kwa maandishi, kabla hajapanda ndege.

Lakini kuna jambo ambalo magazeti hayaelezi. Wale wanaoitwa waandishi maalumu wa Umoja wa Mataifa, yaani wataalamu wanaopewa jukumu la kuchunguza hali ya haki fulani na kuitolea ripoti, ambao wengi wao ni maprofesa, hawalipwi mshahara kwa kazi hiyo. Hugharimiwa safari na kupewa wasaidizi wachache, na muda wao wa juu kabisa katika jukumu moja ni miaka sita. Christof Heyns wa Pretoria alishika jukumu la kufuatilia mauaji yanayofanywa kinyume cha sheria kuanzia 2010 hadi 2016. Baadaye, akiwa katika Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, aliongoza uandishi wa ufafanuzi rasmi kuhusu haki ya kukusanyika kwa amani, uliopitishwa mwaka 2020. Alifariki Machi 2021. Kijana anayeandamana leo katika jiji lolote la dunia ana andiko la kulitegemea, linaloieleza serikali yake mipaka ya nguvu za polisi, na andiko hilo lilipitia mikononi mwa mwalimu wa chuo.

Mfano wa karibu zaidi ni Yash Pal Ghai. Alizaliwa Kenya mwaka 1938. Katika miaka ya sitini alifundisha Dar es Salaam, kwenye kitivo cha sheria kilichofunguliwa mwaka 1961 na kuwahudumia vijana wa nchi zote tatu za Afrika Mashariki, kabla Nairobi haijawa na kitivo chake mwaka 1970. Mwaka huo wa 1970 kilichapishwa kitabu alichokiandika pamoja na mwenzake kuhusu sheria ya umma na mabadiliko ya kisiasa Kenya. Kisha akafundisha Warwick, Uingereza, na baadaye Hong Kong, kwa miaka mingi akiwa mbali na nyumbani. Ilipofika mwaka 2000 akaitwa kuongoza tume ya kurekebisha Katiba, iliyozunguka nchi nzima ikisikiliza maoni ya wananchi katika makanisa, madarasa na chini ya miti. Rasimu ya tume hiyo ilipita katika misukosuko mingi, na Katiba yenyewe ikazinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Ukiniuliza mimi, miaka thelathini iliyotangulia ilikuwa maandalizi ya hiyo minne aliyoiongoza tume. Huwezi kumwita mtu kutoka darasani akaandike haki za taifa ikiwa hakuwahi kupewa nafasi ya kukaa darasani kwanza.

Kuhusu ugeni wa mawazo haya, nakuomba urudi nami hadi Juni 1981. Bila shaka unakumbuka mkutano wa wakuu wa nchi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika hapa Nairobi, Rais Moi akiwa mwenyeji. Katika mkutano huo, tarehe 27 Juni, ndipo ulipopitishwa Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu. Ulipitishwa katika mji wetu huu, na Waafrika ndio waliouandika. Mmoja wa watu waliokuwa na mchango mkubwa katika kuuandaa alikuwa Kéba Mbaye, jaji wa Senegal. Mwaka 1972 alikuwa ametoa mhadhara Strasbourg, Ufaransa, akidai kwamba maendeleo ni haki ya watu, si hisani ya serikali wala ya wafadhili. Wengi waliona ni maneno matamu ya mhadhara. Miaka tisa baadaye wazo hilo lilikuwa Kifungu cha 22 cha Mkataba wa Afrika.

Sasa tazama jinsi mambo yalivyokutana. Mwaka 1973, mwaka mmoja tu baada ya mhadhara ule, Waendorois, jamii ya wafugaji wa Baringo, walianza kuondolewa kwenye ardhi yao kandokando ya Ziwa Bogoria ili pawe hifadhi ya wanyama. Walihangaika mahakamani humu nchini bila mafanikio, na mwaka 2003 malalamiko yao yakafikishwa mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, inayosimamia Mkataba ule. Uamuzi ulitangazwa mwanzoni mwa 2010: haki zao kadhaa zilikuwa zimevunjwa, za dini, mali, utamaduni na maliasili, na pamoja nazo ile haki ya maendeleo ya Kifungu cha 22. Mbaye alikuwa amefariki miaka mitatu kabla. Mhadhara wa mwaka 1972 ulichukua miaka thelathini na minane kuwafikia wafugaji wa Baringo, na hata baada ya kuwafikia, utekelezaji wa uamuzi huo umekuwa wa kusuasua kiasi cha kutia uchungu. Kenya yenyewe, iliyoukaribisha mkutano wa 1981, iliuridhia Mkataba huo mwaka 1992 tu.

Hata hivyo sitaki kulipuuza wasiwasi wako, kwa sababu wasomi wetu wenyewe wameuchukulia kwa uzito. Issa Shivji wa Dar es Salaam, katika kitabu chake cha mwaka 1989 kuhusu dhana ya haki za binadamu barani Afrika, alikosoa namna dhana hiyo ilivyokuwa ikizungumzwa bila kuwataja wakulima na wafanyakazi wanaoonewa, na akahimiza ijengwe upya kutoka upande wao. Makau Mutua aliandika mwaka 2001 kwamba lugha ya haki za binadamu imezoea kuwagawa watu katika makundi matatu, washenzi, waathiriwa na waokoaji, na kwamba mwokozi katika hadithi hiyo siku zote hutoka Magharibi. Hawa ni wasomi wa haki za binadamu wakiikosoa taaluma yao wenyewe. Mimi huwapa wanafunzi wangu maandiko hayo katika wiki ya kwanza, kabla hawajasoma mkataba wowote, ili atakayebaki abaki akijua anabakia nini.

SWALI LA TATU

Mwalimu, ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu ubomoaji wa nyumba katika mitaa ya mabanda. Mama mmoja wa Mathare alinipa ushuhuda mrefu na akatia saini fomu ya ridhaa. Sasa mwanawe amenipigia simu akisema mama yake ana wasiwasi na anataka maneno yake yasitumike. Msimamizi wangu anasema saini ni saini. Bila ushuhuda huo sura yangu ya nne inaporomoka. Nifanyeje?
— Mwanafunzi, Umoja

JIBU

Mwanangu, msimamizi wako amekosea katika hili, na unaweza kumwonyesha ukurasa huu. Ridhaa ya mtu katika utafiti inaweza kuondolewa, na naamini fomu uliyomtilisha saini inasema hivyo, kwa kuwa kamati za maadili ya utafiti hazipitishi fomu isiyo na sentensi hiyo. Leseni ya utafiti uliyoipata kutoka Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi haikupi umiliki wa maneno ya mtu. Vilevile Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa mhusika haki ya kuiondoa ridhaa yake wakati wowote.

Ninalizungumza hili nikiwa na jeraha. Mwanzoni mwa kazi yangu nilichapisha makala iliyotumia ushuhuda wa mama mmoja aliyebomolewa kibanda chake usiku. Sikumtaja jina. Nilidhani nimemficha vya kutosha. Lakini nilikuwa nimeandika kwamba aliuza samaki wa kukaanga karibu na daraja, kwamba alikuwa na watoto pacha, na kwamba aliyekuja na wabomoaji alikuwa jirani yake aliyekuwa mlinzi wa tajiri fulani. Katika mtaa ule alikuwapo muuza samaki mmoja tu mwenye pacha. Nakala ya makala ilifika huko, sijui kwa mkono wa nani, na jirani yule akaisoma au akasomewa. Mama yule alikuja ofisini kwangu, akaketi kwenye kiti cha wanafunzi akiwa na mfuko wake wa plastiki mapajani, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba amehama. Hakuniomba chochote. Aliniuliza tu: «Mwalimu, wale pacha uliwaandikia nini?» Sikuwa na jibu, kwa sababu ukweli ni kwamba niliwaandika ili ukurasa upendeze.

Tangu siku hiyo, kabla sijachapisha, huchukua kila ushuhuda nikaondoa jambo moja baada ya jingine, nikijiuliza kama hoja bado inasimama. Mara nyingi husimama.

Sura yako ya nne haitaporomoka kama unavyodhani. Unalo shauri la wakazi wa kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, waliobomolewa nyumba zao Novemba 2011. Mahakama ya Juu ilitoa hukumu yake Januari 2021, ikasema kwamba watu wasio na ardhi waliojenga makazi kwenye ardhi ya umma hawapati hatimiliki, lakini wanayo haki ya makazi inayostahili kulindwa wanapokabiliwa na kufukuzwa. Soma hukumu yote, si muhtasari, pamoja na yaliyosemwa katika Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani kabla yake, kwa maana mahakama hizo tatu hazikuona jambo hilo kwa jicho moja, na tofauti yao pekee inatosha kuijaza sura nzima. Viapo vilivyowasilishwa katika kesi za aina hii vina shuhuda za watu walioamua wenyewe kusema hadharani.

Kisha nenda Mathare, usipige simu. Nenda mchana, ukiwa peke yako, bila kinasa sauti. Mwambie mama yule kwamba umekuja kumrudishia maneno yake. Mchukulie karatasi ulizoyanakili mahojiano, umsomee kwa Kiswahili kurasa zinazomhusu, taratibu, na mwanawe akiwapo ikiwa atapenda. Huenda anaogopa sentensi moja tu, nayo iondoe palepale mbele yake kwa kalamu. Huenda anataka zote ziondoke. Basi mwachie karatasi hizo mkononi, na ukirudi nyumbani uifute sauti iliyo kwenye simu yako na nakala uliyoihifadhi kwenye kompyuta, halafu umjulishe mwanawe kwamba umefanya hivyo.